Kuirudisha Dakota angani: anza na mabawa, si injini

Kila anayepata C-47, ndege ya uchukuzi ya Vita vya Pili vya Dunia iitwayo pia Dakota, iliyolala miaka mingi hutamani kwanza kusikia injini ikinguruma. Nakusihi subiri. Injini huweza kubadilishwa; kiungio cha bawa kilicholiwa na kutu ndicho kinachoamua kama una ndege au chuma chakavu.

Usiogope sura ya nje. C-47 iitwayo That's All, Brother, iliyoongoza kundi kuu la ndege za askari wa miavuli wa Marekani kuelekea Normandy tarehe 6 Juni 1944, iligunduliwa mwaka 2015 huko Oshkosh, Wisconsin, ikingoja kugeuzwa ndege ya injini za tabaini. Januari 2018 iliruka tena.

Hatua ya 1: Viungio vya mabawa. Fungua mkanda unaofunika mahali bawa la nje linapokutana na kipande cha katikati. Ndani kuna bolti nyingi zilizopangwa safu. Kutu ya alumini ni unga mweupe, na bamba lililovimba kuzunguka ribiti (misumari inayounganisha mabamba) linaficha mengi. Safisha, kisha pima nyufa kwa vifaa. Macho pekee hayatoshi.

Hatua ya 2: Kitambaa. Usukani wa mkia na vibawa vyake vimevikwa kitambaa. Vua chote, kagua mbavu, vika upya. Kila tabaka la rangi huongeza uzito nyuma ya bawaba, kwa hiyo pima mizani kama kitabu cha matengenezo ya ndege kinavyoagiza, la sivyo vitatetemeka angani.

Hatua ya 3: Injini. Twin Wasp, injini ya ndege hii, ina silinda 14 zilizopangwa duara, na oili hushuka taratibu hadi kwenye zile za chini. Ukiwasha hivyo hivyo, pistoni inagonga oili isiyobanika na mkono wake unapinda. Zima mageneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za injini), lakini simama kana kwamba zimewashwa. Zungusha rafadha kwa mikono hadi mapanga 12 yapite. Rafadha ikikwama, usilazimishe na usirudishe nyuma: ukirudisha, oili inaingia kwenye bomba la hewa na kukungoja hapo. Toa plagi za silinda za chini, acha ichuruzike, kisha zungusha tena.

Baada ya mwungurumo wa kwanza, zima, fungua chujio la oili na upitishe sumaku. Chembe zikishikwa, ni chuma cha gia au beringi, na injini hiyo irudi mezani hata kama ililia vizuri.