Kulitafuta hame la babu kwa ramani ya zamani

Mama yangu alizaliwa mahali ambapo leo hakuna nyumba hata moja. Akiulizwa kwao ni wapi hutaja kijiji cha barabarani, wilayani Muheza, ambako familia ilihamia wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya pamoja, mimi nikiwa mgongoni. Lakini jioni akianza kusimulia, kijiji hicho hakimo. Kuna mkwaju mkubwa, kuna kisima mteremkoni, kuna njia iliyopita nyuma ya nyumba ya babu kwenda kituo cha reli cha Ngomeni. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga mjini, mwaka wa 27 sasa, na nimechora kontua, ile mistari ya mwinuko, ubaoni mara zisizohesabika. Siku moja nilikuwa nikisahihisha madaftari ndipo liliponijia: ule mkwaju unatafutika.

Tuliutafuta, tukaupata. Naandika hapa namna tulivyofanya, kwa sababu Tanga nzima imejaa mahame, mahali palipohamwa, na wanaoyakumbuka wanazidi kupungua kila mwaka.

Anza na wazee, wala usifungue ramani kwanza. Nilifanya kinyume mwanzoni: nilimwekea mama karatasi mezani, nikamwambia, "Mama, nionyeshe." Aliitazama kwa heshima, akanyamaza. Ramani ni kuona nchi kwa jicho la ndege, na yeye nchi ile aliijua kwa miguu. Basi muulize mzee mambo ya miguu. Maji mlichota wapi, na mkirudi na ndoo mlikuwa mnapanda au mnashuka? Jua lilichomoza upande gani wa nyumba? Mkienda sokoni mlivuka mito mingapi? Mlima Mlinga mliuona? Garimoshi likipiga honi mlilisikia? Mama alijibu yote hayo bila kusita. Kisima kilikuwa chini, upande wa jua kuzama. Ngomeni walivuka kijito kimoja. Wakitoka baada ya chai walifika stesheni jua halijawa kali.

Jibu hilo la mwisho ni kipimo tosha. Mtu mwenye mzigo kichwani huenda kama kilomita nne kwa saa, na safari ya namna hiyo niliikadiria saa moja na nusu, yaani kilomita sita hivi. Andika kila jibu kama lilivyotamkwa, na majina ya mahali uyaandike yanavyosikika, hata kama unadhani mzee amekosea. Nitaeleza kwa nini.

Sasa ramani. Zipo za aina nyingi, lakini kwa shughuli hii mbili ndizo zinazofaa.

Ya kwanza, na ndiyo mkombozi, ni ile ya skeli ya 1:50,000, iliyotengenezwa kutokana na picha za ndege na idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni pamoja na wapima wetu. Pembezoni utaona herufi D.C.S. au D.O.S., kwa sababu idara ile ilianzishwa mwaka 1946 kwa jina la Directorate of Colonial Surveys na ikabadilishwa kuwa Directorate of Overseas Surveys mwaka 1957. Sentimita moja ni mita 500. Kila karatasi inafunika dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo, kama kilomita 27 kila upande, na kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa kilomita moja. Namba ya karatasi ina sehemu mbili zilizotengwa kwa alama ya mkwaju (/), ya pili ikiwa 1 hadi 4. Namba hiyo ndiyo ya kuulizia Idara ya Upimaji na Ramani, iliyo chini ya Wizara ya Ardhi. Omba toleo la zamani kuliko yote waliyo nayo. Wauzaji watakupa jipya wakidhani wanakufanyia hisani, nawe unataka nchi ilivyokuwa kabla ya 1973, watu walipokuwa bado wametawanyika mashambani kwao. Mwaka uliochapwa chini si mwaka wa kuangalia. Tafuta mwaka wa picha za ndege, ambao huandikwa kwa herufi ndogo pembeni, maana hapo ndipo nyumba zilipoonekana.

Ya pili ni ya Wajerumani, ya 1:300,000, iliyochorwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin na Dietrich Reimer. Maktaba kadhaa za Ulaya na Marekani zimeweka nakala zake kwenye intaneti, unazitazama bure. Usitafute nyumba ya babu humo, kwani sentimita moja ni kilomita tatu. Faida yake ni njia na majina. Ilijengwa kwa kuunganisha safari za watu waliopita wakiandika: walikopita pamejaa majina, wasikopita pako peupe. Peupe hapo hapana maana ya pori. Jina nalo mara nyingi ni la jumbe aliyekuwepo mwaka ule, si la mahali, kwa hiyo ukoo wenye jumbe una bahati humo.

Tahajia itakusumbua. Muheza imeandikwa Muhesa, Zigi ni Sigi, maana Mjerumani akiandika s kabla ya irabu huisoma z. J yetu huandikwa dsch. Majina mengine walibandika yao kabisa: Lushoto ni Wilhelmstal, misheni ya Mlalo ni Hohenfriedeberg. Hapa ndipo matamshi uliyoandika kwa mzee yanapolipa. Lisome jina la ramani kwa sauti mbele yake, lizungushe kidogo, mara atakuitikia. Yule mjomba wetu mkubwa alinikatiza katikati ya neno nililokuwa nimelisoma vibaya, akalisema sawasawa, akacheka mpaka akakohoa.

Katika nchi ya Wabondei na Wazigua angalia pia mwanzo wa jina. "Kwa" mara nyingi hufuatwa na mtu, na mtu ana uzao unaoweza kuuliziwa. "Kwe" huelekea kufuatwa na kitu: Kwediboma ni penye boma. Kumbuka vilevile kwamba jina halikai juu ya nyumba. Mchoraji aliliweka palipokuwa na nafasi, akijaribu kukusanya nyumba zilizotapakaa chini ya neno moja. Kwa hiyo usiende kusimama kwenye herufi, fuata vidoto, yaani nukta ndogo zinazoonyesha nyumba.

Tuliandaa hivi. Usichore juu ya ramani yenyewe. Tandaza karatasi ya tresing, ile inayoonyesha kilicho chini yake, juu yake, ibane kwa klipu, utumie penseli. Tuliweka nukta Ngomeni, kwa kuwa reli ni msumari usiong'oka: ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na mstari haujahama. Kisha tukachukua uzi, tukaupima sentimita 12, yaani zile kilomita sita, tukaulaza juu ya njia za miguu zenye alama ya vijistari, tukifuata kila kona. Njia tatu zilitoka stesheni kwenda upande aliousema mama. Moja haikuvuka maji. Moja ilivuka mara mbili. Ya tatu ilivuka kijito mara moja tu, na uzi ulipoishia palikuwa na vidoto saba mgongoni mwa kilima, kontua zikishuka upande wa magharibi mpaka kwenye kibonde. Kisima chini, upande wa jua kuzama. Nilimsomea mama. Akauliza, "Wameiandika na nyumba ya baba?"

Jina la mahali pale sitaliandika. Kuna watu wanapalima leo, na wazee wameniomba.

Kuhamishia namba za ramani kwenye simu kuna mtego, na ulinigharimu asubuhi nzima. Ramani hizi za 1:50,000 zimepimwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za gridi ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utasimama kama mita 300 kaskazini ya unapopataka, na kama mita 100 magharibi. Katika pori la Muheza mita 300 ni dunia nyingine. Nilisimama katikati ya shamba la muhogo, simu ikiniambia nimefika, na wala hapakuwa na kilima. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua msingi, chagua Arc 1960, kanda ya 37 kusini. Kama hairuhusu, punguza 300 kwenye namba za kaskazini na uongeze 100 kwenye za mashariki, halafu macho yamalizie. Ukisoma gridi, anza na namba za mashariki, zile za chini, ndipo usome za kaskazini.

Na ni katika shamba lile la muhogo mwenye shamba aliponikuta. Aliniona nina karatasi kubwa na simu mkononi, akaniuliza nimetumwa na nani. Hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Ardhi hizi zilihama mikono wakati wa Operesheni, watu walipewa mashamba penye mahame ya wengine, na mgeni mwenye ramani mara zote anaonekana amekuja kudai. Tangu siku hiyo sikanyagi kabla ya kupita ofisi ya kijiji, nikaonana na mwenyekiti na mtendaji, nikaeleza nimekuja kutafuta makaburi na simulizi, wala si mipaka. Kisha mwenyekiti wa kitongoji au mzee wa hapo anatusindikiza. Ingia kwa hodi na shikamoo, beba kilo mbili za sukari, na ramani uitandaze wote waione. Ramani ya 1:50,000 haithibitishi umiliki wa mtu yeyote, na uliseme hilo kwa kinywa chako mapema. Yule mwenye muhogo ndiye aliyetupeleka, mara ya pili, mpaka kwenye kile kilima.

Nenda Januari au Februari, au Septemba majani yakiwa mafupi. Hame hulioni kwa nyumba, maana udongo na fito vimekwisha kuoza. Unaliona kwa miti. Mwembe mzee wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili, mnazi peke yake mbali na pwani, mikwaju, milimao iliyogeuka pori: hiyo ilipandwa na mtu, au ilitokana na mbegu aliyoitema. Tazama chini, utaona vigae vya vyungu, mawe matatu yaliyoungua, jiwe la kusagia lililolika katikati. Mawe yaliyopangwa kwa urefu usiyaguse wala usiyapige picha kabla ya kuuliza. Mkwaju wetu tuliuona kutoka mbali, na niliona haya kulia mbele ya yule mwenye muhogo, nikalia hivyo hivyo.

Wengi wenu hamna babu Mbondei. Babu zenu walikuja kama manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Songea, Kigoma, Singida, wakabaki. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, alitoka Ungoni na kipande mkononi. Kwenu kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu shamba la mkonge lilichorwa kwa uangalifu kuliko kijiji chochote. Utakuta jina la shamba, kiwanda, ndiyo korona, reli nyembamba za kubebea majani, na kambi zimepangwa mistari iliyonyooka, tofauti na vidoto vya vijijini. Mashamba yote hayo yametokana na miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000 aliyoagiza Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Muulize mzee alikuwa kambi gani na akienda korona alivuka reli au hakuvuka. Majina ya mashamba mengi yalibadilika baada ya kutaifishwa mwaka 1967, kwa hiyo andika la zamani na la sasa pamoja. Na kama familia ilikuwa ya misheni, kama wengi wa Magila na Mkuzi, omba parokiani kwa upole kuona daftari la ubatizo: huandikwa jina la kitongoji, na hicho kitongoji unakwenda nacho kwenye ramani.

Tresing zikikamilika zivingirishe kama mkeka ndani ya bomba la plastiki, usizipige mikunjo, na weka kitu cha kufukuza mende. Unyevu wa Tanga hauna huruma na karatasi.

Agosti iliyopita tulimpeleka mama kwa bodaboda, mdogo wangu akimshikilia kwa nyuma. Alikaa chini ya mkwaju muda mrefu bila kusema. Kisha akainuka, akaomba fimbo, akaanza kushuka kuelekea jua kuzama, akihesabu hatua kwa sauti ndogo. Kwenye 140 alisimama mbele ya kichaka. Mwenye shamba alifyeka kwa panga, na kisima kilikuwepo, kimejaa majani, kingo zake za mawe bado nzima. Kwenye ramani hakimo. Nimekitia kwenye tresing kwa penseli, kiduara chenye nukta katikati, na pembeni nimeandika hatua 140 za mama.