Jinsi ya kuweka stoki ya dagaa wa Kigoma kabla ziwa halijafungwa

Ziwa Tanganyika siku hizi linapumzishwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Bongo ilianza 2024 baada ya kukubaliana na Burundi, Kongo na Zambia, maana samaki walikuwa wanaisha, nyavu za matundu madogo zinazoa mpaka vitoto. Sawa, wacha lipumzike, ila wewe mama ntilie au mwenye familia kubwa jipange mapema, mwezi wa sita bei inapaa.

Kwanza angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti na mitumbwi inalala, kwa hiyo mzigo unapungua hata kabla ya kufunga. Nunua kwenye giza la mwisho. 2025 mwezi mpevu uliangukia 12 Mei, siku tatu tu kabla ya kufunga, hapo wa kununua ilikuwa mwisho wa Aprili.

Ukifika sokoni usiangalie wa juu ya gunia, hao wamepangwa, zamisha mkono mpaka chini. Mkono ukitoka na mchanga ujue walianikwa chini na huo mchanga utaulipia kwenye kilo, bora uongeze hela kidogo uchukue wa chanja. Mvunje mmoja katikati, akilia kah! mkavu huyo, akipinda achana naye ataota ukungu. Rangi iwe ya fedha, wakishakuwa njano njano mafuta yamechacha na hata uweke nyanya na mawese ladha hairudi.

Nyumbani usiwaoshe, utaosha siku ya kupika. Waanike tena jua kali kutwa nzima halafu waache wapoe KABISA, hapa ndo wengi wanaharibu, wanafunika wakiwa na joto jasho linabaki ndani. Ndoo kavu yenye mfuniko, iweke juu ya mbao sio simenti. Kila wiki mbili fungua unuse, ukisikia unyevu rudisha juani. Kama una friza tia nusu humo.

Wakikuishia chukua wa Mwanza, wana uchungu kidogo, toa vichwa uwakaange vikavu kwanza, ila usikubali kuuziwa kwa bei ya Kigoma.

Na mtu akikuletea migebuka mibichi, samaki wa ziwa hilo hilo, mwezi wa saba, anaapa imetoka Kigoma jana, muulize imevuliwaje.