Jinsi ya kutangaza mbio za mtaani Mbeya ukiwa na bajeti ya kuungaunga

Kama unaandaa mbio za kilomita 5 na 10 na hela uliyonayo haitoshi hata bango moja pale makutano ya Kabwe, achana na bango. Watu hapa wanakuja kukimbia kwa sababu kuna mtu wanayemjua kawaambia "twende", basi. Kwa iyo kazi yako ni kuwapata hao wanaosema twende.

Hatua ya 1: Tarehe

Novemba mpaka Aprili ni mvua, Juni na Julai baridi ya alfajiri inajulikana, mtu hatoki kwenye blanketi hata umwahidi nini. Mi napenda mwisho wa Agosti au Septemba, mavuno yameshauzwa na mfukoni kuna chochote. Weka Jumamosi maana Jumapili mji mzima uko ibadani. Wasabato watalalamika, na wana haki yao, ila hakuna siku isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 2: Kibali na njia

Nenda kwa afisa michezo, chama cha riadha cha mkoa na polisi kabla hujaposti chochote. Njia usipitishe barabara kuu, malori ya kwenda mpakani Tunduma hayana habari na mbio zako, pita mitaa ya Forest huko ndani. Hilo nalo ni tangazo, andika wazi "njia haina malori" uone wazazi wanavyoandikisha watoto.

Hatua ya 3: Vikundi vya jogingi

Hapa ndo penyewe. Kila mtaa una kikundi, Soweto, Uyole, Mwanjelwa, na kila kikundi kina mwenyekiti ambaye akisema kitu watu wanafata. Usiende na vipeperushi, nenda na raba, kimbia nao asubuhi, mkimaliza mkiwa mnanyoosha viungo ndo unaomba dakika mbili. Mpe mwenyekiti ofa inayoeleweka: akileta watu 10 waliolipa, wa 11 bure, na jina la kikundi litasomwa kwenye spika. Usidharau hilo la jina, ushindani wa vikundi unaleta watu kuliko zawadi ya hela. Baadae omba akurushie ujumbe kwenye grupu lao la WhatsApp, mfupi ivi:

"Jumamosi saa 12 asubuhi tunakimbia km 5 na km 10. Elfu 15, tisheti imo humo humo. Kutembea ruksa. Lipa kwa namba hii, jina litatokea la kikundi, tuma jina lako na saizi."

Hilo neno "kutembea ruksa" usilitoe. Akina mama wengi na wazee wanadhani mbio ni za vijana wenye vifua, wakiona ruksa kutembea wanakuja na mashosti zao. Ukiweza mrekodi mama mtu mzima wa mtaani akisema "mi naenda, we je?", sauti ya sekunde 20 tu, itazunguka mji mzima bila kulipia.

Hatua ya 4: Tisheti mapema

Wengi wanagawa tisheti asubuhi ya mbio, sijui kwa nini. Gawa wiki mbili kabla, mtu akaivae sokoni Mwanjelwa, bodaboda akaivae kijiweni, ndo bango lako linalotembea. Tarehe iwe mgongoni kwa herufi kubwa, nembo za wadhamini ndogo chini.

Hatua ya 5: Wadhamini na redio

Mwenye duka usimwombe hela, mwombe katoni za maji. Wa ndizi za Tukuyu mwombe mikungu. Wanatoa kirahisi sababu ni bidhaa yao, na wewe unapunguza gharama. Redio za hapa wapigie watangazaji wa kipindi cha asubuhi, nenda na mkimbiaji mwenye maneno na nafasi chache za bure za kugawia wasikilizaji, dakika za mahojiano hulipii.

Wageni wa Dar wauzie kilima na hewa: mji uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, waambie kabisa watahema, wakimbiaji wanapenda kujipima.

Hatua ya 6: Siku yenyewe na baada yake

Weka kijana mmoja na simu nzuri pale njia inapopanda kilima, sio kwenye utepe wa kumalizia tu, maana kule ndo sura zinapatikana. Picha na muda wa kila mtu virushwe siku iyo iyo kabla ya jioni, wakati miguu bado inauma, kila mtu ataweka stetasi. Grupu la waliolipa usilifute, ndo orodha yako ya kwanza ya mwakani, na ukiliacha kimya miezi mingi litajaa matangazo ya mikopo, kwa iyo kila mwezi waite mazoezi ya pamoja hata ya kilomita 3.