Kabla ya Kupeleka Msaada Nyalenda
Kundi la kanisa linalopanga safari ya huduma katika mitaa ya Nyalenda au Manyatta, Kisumu, lingefanya vyema kutojaza basi unga, sukari na sabuni kutoka Nairobi, bali kununua bidhaa hizo katika maduka na vibanda vya mtaa uleule, kwa sababu vitu vya bure vikimwagwa kwa siku mbili, mwenye kibanda hukosa wateja, naye pia ana watoto wa kulisha. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao huzitembelea nyumba hizo mara kwa mara, wanajua ni nani aliyelala njaa. Ni heri waulizwe wiki moja mapema. Ugawaji ufanywe nyumba kwa nyumba, bila foleni wala kamera (picha moja na wenyeji wenu kanisani yatosha).