Jinsi ya kuchagua kompyuta ya bodi moja kwa miradi ya akili unde na elektroniki

Mtu anayetafuta kompyuta ya bodi moja, yaani kompyuta nzima iliyo juu ya kibao kimoja cha saketi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ipi ni bora, ilhali swali litakalomwokolea fedha ni lile la kazi: bodi itafanya nini, itafanya mara ngapi kwa sekunde, na itakuwa imechomekwa ukutani au itategemea betri? Mradi wa kupima joto kila baada ya dakika tano na kuwasha feni hauhitaji kompyuta hata kidogo. Unahitaji maikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu moja tu bila mfumo endeshi, kama Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 264, au ESP32, ambayo ina Wi-Fi ndani yake. Vifaa hivyo huwaka papo hapo, hutumia umeme kidogo, na ukivizima ghafla havidhuriki. Kuna watu wanaofunga kompyuta nzima yenye Linux ili kumwagilia chungu kimoja cha maua. Siwacheki, kwa sababu nami nilipitia huko.

Kompyuta kamili huanza kuwa na maana pale mradi unapohitaji kamera, hifadhi ya data, au modeli ya akili unde. Hapo kipimo cha kwanza ni kumbukumbu, kwa kuwa katika bodi nyingi imeunganishwa moja kwa moja na haiwezi kuongezwa baadaye. Hesabu yake ni nyepesi. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 1, yaani namba ilizojifunza, kila kigezo kikichukua baiti 2, inahitaji takriban gigabaiti 2; ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, inashuka hadi nusu gigabaiti, kabla hujauhesabia mfumo endeshi na mazungumzo yenyewe. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa hivyo hivyo inafika gigabaiti 3.5, kwa hiyo bodi ya gigabaiti 4 haiimudu, na ya gigabaiti 8 inaibeba kwa mwendo wa kobe.

Sababu ya mwendo huo inafaa kueleweka, kwa maana ndiyo inayofichwa na matangazo. Ili kutoa kila kipande cha neno, kichakataji hulazimika kuvisoma vigezo vyote upya kutoka kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ya Raspberry Pi 5, mojawapo ya kompyuta za bodi moja zinazojulikana sana, inaweza, kinadharia, kupitisha takriban gigabaiti 17 kwa sekunde. Gawanya kwa 3.5 na utaona kwamba hata mambo yote yakienda sawa hutapata zaidi ya vipande vitano kwa sekunde. Modeli za kutambua picha ni habari nyingine kabisa. MobileNetV2 ina vigezo milioni 3.5 hivi, na ikibanwa hadi biti 8 inachukua megabaiti chache tu, kiasi kwamba hata Raspberry Pi Zero 2 W yenye megabaiti 512 inaiendesha. Kwa anayeanza, ningeshauri aanze na macho kabla ya maneno.

Zipo bodi zenye kiharakishi, yaani sehemu iliyotengwa kwa hesabu za akili unde, na nguvu yake hutangazwa kwa trilioni za hesabu kwa sekunde: 6 kwa chipu ya RK3588 iliyomo katika bodi kama Radxa Rock 5B, 13 kwa Hailo-8L inayoongezwa kwenye Raspberry Pi 5, na hadi 67 kwa Jetson Orin Nano Super. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini hazisemi kwamba kiharakishi huendesha modeli zile tu zilizogeuzwa kuwa za muundo wake, na kwamba kazi ya kugeuza inaweza kukulia wiki nzima. Kabla ya kulipa, hakikisha modeli unayoitaka imo katika orodha ya zile ambazo mtengenezaji amekwisha kuzigeuza.

Chunguza pia umri wa programu. Fungua ukurasa wa kupakua mfumo endeshi wa bodi hiyo na utazame toleo la mwisho lilitoka lini. Jetson Nano ya mwaka 2019 ni mfano mzuri: bodi yenyewe bado ni nzima na hupatikana kama kifaa kilichotumika, ila programu zake rasmi ziliishia JetPack 4, iliyojengwa juu ya Ubuntu 18.04, hivyo maktaba nyingi za kisasa, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari, hukataa kuingia. Bodi yenye nguvu ya wastani na programu zinazosasishwa itakufaa kuliko yenye nguvu kubwa iliyotelekezwa.

Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya umeme, na hapa nitakaa kidogo. Kamera ya Raspberry Pi yangu ilikuwa inakatika kila modeli ilipoanza kufanya kazi, nami nikakesha usiku mbili nikitafuta kosa katika programu. Hatimaye niliandika amri ya `vcgencmd get_throttled`, ikanijibu `0x50005`, maana yake volti zimeshuka na kasi imepunguzwa, wakati huo huo na hapo kabla. Tatizo lilikuwa waya mwembamba wa kuchajia simu. Nilipoubadilisha na kuwasha upya, jibu likawa `0x0`, na kamera haikukatika tena. Raspberry Pi 5 inapendekezewa adapta ya volti 5 na ampea 5. Chaja ya simu, hata iliyoandikwa wati 65, mara nyingi hutoa ampea 3 tu kwenye volti 5, na bodi ikigundua hivyo huzibana bandari za USB zigawane miliampea 600. Weka pia kipoza joto chenye feni, kwa sababu kichakataji kikifika nyuzi joto 80 huanza kujipunguzia kasi. Kadi ya kumbukumbu iwe yenye alama ya A1 au A2, na uzime mfumo kwa amri kabla ya kuchomoa waya.

Kwa upande wa elektroniki, kati ya pini 40 za Raspberry Pi, zile za ishara hufanya kazi kwa volti 3.3 na hazivumilii volti 5. Anza na taa ya LED nyekundu na rizista (kipunguza mkondo) ya omu 330: taa ikichukua takriban volti 2, mkondo unabaki kama miliampea 4, ambao pini inaumudu bila shida. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 hurudisha ishara ya volti 5, kwa hiyo ipitishe kwenye rizista ya kiloomu 1, kisha ya kiloomu 2 inayoshuka hadi ardhini, na uunganishe pini pale zinapokutana. Hapo utapata takriban volti 3.3. Mimi niliruka hatua hiyo mara moja, na pini ile haijasoma kitu tena. Fahamu vilevile kwamba Raspberry Pi zinazoendesha Linux hazisomi volti zinazopanda na kushuka taratibu, kama za kihisi cha unyevu wa udongo, mpaka uongeze chipu ya kugeuza volti kuwa namba, kama MCP3008. Maelekezo ya zamani yanayotumia maktaba ya RPi.GPIO hayatakubali kwenye Raspberry Pi 5, tumia gpiozero.

Ukifika kwenye kuunganisha akili unde na elektroniki, jaribu kwanza modeli kwenye kompyuta yako ya kawaida mpaka ikupe majibu unayoyaamini, ndipo uihamishie kwenye bodi. Kisha usiiache itazame kila picha. Funga kihisi cha mwendo cha HC-SR501, ambacho hulishwa volti 5 lakini ishara yake ni ya volti 3.3, hivyo kinaingia kwenye pini moja kwa moja, na uandike programu ili kamera ipige picha na modeli iichambue pale tu kitu kinapopita. Muda mwingine wote bodi itakaa imepoa.