Kumzungusha Mama Central Park kwa Baiskeli ya Matairi Matatu

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yake hayataki tena mwendo mrefu. Alipokuja kunitembelea New York mwezi wa Oktoba, aliomba kitu kimoja tu: nimwonyeshe pale Mtanzania Juma Ikangaa alipomalizia mbio za marathoni za New York aliposhinda mwaka 1989. Ni ndani ya Central Park, bustani ya ekari 843 katikati ya Manhattan, na tangu 2018 magari hayaruhusiwi kwenye barabara zake za ndani. Kwa mtu kama Mama, usafiri unaofaa ni baiskeli ya matairi matatu. Kama unayajua maguta ya Dar, fikiria guta ambalo badala ya mifuko ya saruji limebeba watu chini ya kijiturubai, na anayepiga pedali ndiye anayekusimulia bustani.

Anza na bei, kabla hujapandisha hata mguu. Mwaka juzi nilikuwa na wageni wengine, dereva mmoja akanitajia "dola 5" na kunyamaza. Nikadhani ni kwa kichwa. Tuliposhuka tukadaiwa dola 200, kwa sababu ile 5 ilikuwa ya dakika moja, nasi tulikaa dakika 40. Iliniuma sana, maana wageni walichangishana pale pale barabarani.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Natafuta kwanza kibao cha bei kwenye baiskeli. Sheria ya jiji inataka kiwepo, na bei ihesabiwe kwa dakika, kwa baiskeli nzima, wala si kwa kila abiria. Halafu nazidisha kwa sauti, dereva akisikia: dola 6 kwa dakika, dakika 45, hiyo ni 270. Namwuliza, "Ndiyo nitakayolipa?" Asiponijibu waziwazi naenda kwa mwingine, kwani kwenye kona ya mtaa wa 59 na barabara ya Sita wamejipanga wengi. Naangalia pia namba ya leseni ya baiskeli, kitambulisho cha dereva chenye picha, na mikanda ya kiti. Mwisho abiria ni watatu. Wa nne asibanwe.

Swali ambalo wengi husahau ni hili: tukisimama kupiga picha, saa inaendelea kuhesabu? Mara nyingi inaendelea. Dereva wetu, kijana kutoka Afrika Magharibi, alikuwa amefunga simu kwenye usukani na namba zinakimbia mbele ya macho yetu. Nilimpenda kwa hilo. Tulipatana kusimama mara tatu tu.

Kuchagua vituo ni kazi yako, usimwachie dereva. Barabara za bustani zinazunguka upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, na mzunguko mfupi unakata magharibi kwenye mtaa wa 72. Hapo ndipo penye Bethesda, baraza lenye ngazi zinazoshuka hadi kwenye chemchemi. Baiskeli haziruhusiwi kwenye njia za waendao kwa miguu, hivyo mgonjwa wa magoti abaki juu barazani badala ya kushuka ngazi. Chemchemi inaonekana vizuri sana kutoka pale. Malaika aliye juu yake alichongwa na Emma Stebbins na kuzinduliwa 1873, akiwa ukumbusho wa maji safi ya mto Croton yaliyofika jijini 1842. Dereva alipoeleza hivyo, Mama, aliyebeba ndoo kichwani nusu ya maisha yake, alimtazama yule malaika muda mrefu. Akasema, "Hawa walijua thamani ya maji." Zile dakika nne nilizilipa kwa moyo mweupe.

Mahali anapokumbukwa mwanamuziki John Lennon tulipapita bila kusimama. Wengine watapenda kushuka hapo. Mama hakuwa na habari naye.

Ukiteremka upande wa magharibi, karibu na mtaa wa 67, ndipo mbio za New York humalizikia. Majukwaa ya watazamaji yalikuwa yameanza kujengwa. "Mwambie baba asimame," Mama akasema. Akashuka, akajifunga kanga juu ya koti, akasimama kwenye lami. Ikangaa alipita hapa kwa saa 2:08:01. Dereva hakuwahi kulisikia jina hilo. Mama alimfundisha kulitamka, mimi nikitafsiri, na akaahidi kuwatajia abiria wengine. Ukiwa Mkenya, mtajie Ibrahim Hussein aliyeshinda 1987, Mwafrika wa kwanza, na Tegla Loroupe wa 1994.

Ukimaliza, lipa kile mlichopatana. Bahashishi ni hiari yako, ingawa Marekani huzoeleka. Mimi nilimpa kwa sababu alisimulia vizuri na hakutuharakisha. Risiti iombe. Ukidaiwa zaidi, andika namba ya leseni na upige 311, simu ya huduma za jiji.

Kuna sehemu moja ambayo mzunguko mfupi haufiki, na ningependa kila mgeni kutoka kwetu aifike: Seneca Village. Kuanzia 1825 Waamerika weusi walinunua viwanja hapo, wakajenga nyumba, makanisa na shule. Wakati huo mwanamume mweusi hakuweza kupiga kura New York bila kuwa na mali ya dola 250, kwa hiyo kiwanja kilikuwa pia kura. Kufikia mwisho wa 1857 wakazi wote wa kijiji, watu kama 225, walikuwa wameondolewa ili bustani ijengwe. Ukitaka kupita hapo kwa baiskeli, mwambie dereva apande hadi mkato wa mtaa wa 102, lakini gharama itapanda nawe. Sisi tulikwenda kesho yake kwa treni, B au C hadi mtaa wa 86, tukaingilia mtaa wa 85. Ni hatua chache tu, mabango yanaeleza nani aliishi wapi, na Mama alipata mahali pa kukaa.