Kumwandaa kijana wa wafugaji au wa Kihadzabe kuingia chuo kikuu

Kijana wa Kimaasai, Kibarbaig au Kihadzabe aliyefika kidato cha sita akishindwa kuingia chuo, mara nyingi si kwa sababu ya alama. Hukwamishwa na karatasi, tarehe, na simu isiyo na mtandao. Mwalimu au mlezi asisubiri matokeo ya Julai. Kazi ya karatasi ianze kidato cha tano, na ianze na majina.

Wengi huzaliwa bomani au porini, wakaandikishwa shule kwa jina la ubatizo au jina alilopewa na mwalimu. Cheti cha kuzaliwa hutafutwa miaka kumi na tano baadaye, na mzazi hutaja jina la nyumbani. Hapo ndipo cheti kinapomwita Lemayan Lengai na matokeo ya kidato cha nne yanamwita Petro Lengai. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itawaona watu wawili. Kama cheti bado hakijatolewa, kiombwe kwa majina yaleyale ya kidato cha nne, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Viambatishwe barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo au cha kumaliza darasa la saba. Kama vyeti viwili vimeshagongana, andaa kupitia wakili hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani peke yake mara nyingi hakitoshi. Kisha cheti kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia mtandao. Kilichoandikwa kwa mkono zamani kinaweza kuhitaji kubadilishwa kwanza. Ikiwa mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Wafugaji wengi huzika bila kusajili kifo, kwa hiyo hili huchukua muda kuliko yote.

Ratiba yenyewe ina mtego. Mtihani huisha Mei, vijana huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na wakiwa bado kambini matokeo hutoka, dirisha la mikopo linasonga na vyuo vinaanza kupokea maombi. Kabla hajaondoka, aache kwa mlezi anayeaminika bahasha yenye nakala za vyeti, picha ndogo, namba za mitihani, nywila, na orodha ya kozi alizochagua mwenyewe. Namba ya simu itakayojazwa iwe ya laini inayokaa mahali penye mtandao, si ya baba anayehama na ng'ombe. Akipata vyuo viwili au zaidi, namba ya kuthibitisha udahili hutumwa kwa ujumbe kwenye laini hiyo, na asipothibitisha chuo kimoja kwa wakati nafasi inaweza kupotea. Aombe awamu ya kwanza. Kozi zinazogombewa hujaa mapema.

Fomu ya mkopo husainiwa na mwombaji na mdhamini, ikapigwa muhuri wa serikali ya kijiji, ikathibitishwa na hakimu au wakili, ndipo kurasa zilizosainiwa zipandishwe tena mtandaoni. Hurudishwa kwa mambo madogo: muhuri umesahaulika, au mdhamini hana kitambulisho. Kaya iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iambatishe uthibitisho wake, kwani ni ushahidi wa uhitaji. Aliyerudia kidato cha nne aandike namba zake zote za mtihani.

Kuhusu alama, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni principal pass mbili, yaani masomo mawili ya kidato cha sita yaliyofaulwa kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinafikisha, ila kozi nyingi zinadai zaidi, na zinataja masomo. Kijana anayetaka udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kisha akapangwa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), ameshafungiwa mlango. Kwa hiyo mwongozo wa udahili usomwe kidato cha nne, kabla ya kujaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Aliyekosa pointi anaweza kupita njia ya stashahada, au kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, inayodai angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita. Kwa maoni yetu njia hizo ni bora kuliko kurudia mtihani mara tatu.

Lugha inahitaji mwaka mzima. Kimaa, Kibarbaig au Kihadzabe ndiyo ya kwanza, Kiswahili cha pili, Kiingereza cha tatu, na chuoni ndicho kinachosomewa. Kila wiki asome kurasa kumi za kitabu cha kiada cha kozi anayoitaka. Aeleze hoja kwa lugha ya nyumbani kwa mwenzake, kisha aiandike kwa Kiingereza ukurasa mmoja bila kutazama kitabu. Hatua ya katikati isirukwe. Anayeiruka hukariri sentensi, na chuoni kunakili bila kutaja chanzo ni kosa la kuadhibiwa. Ajifunze pia kuchapa kwa kompyuta, kutuma barua pepe na kumuuliza mhadhiri swali mbele za watu. Hili la mwisho ni gumu kwa aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, hivyo lifanyiwe mazoezi darasani.

Binti ana hatari yake. Kifungo cha miaka 30 kwenye Sheria ya Elimu kimewekwa kumlinda mwanafunzi wa msingi na sekondari, na yeye ameshamaliza. Miezi ya kusubiri chuo ndiyo miezi ambayo mahari hupokelewa. Mlezi azungumze na baba pamoja na wazee wa ukoo kabla ya mtihani, na ikiwezekana binti akae kwa ndugu mjini mpaka chuo kifunguliwe.

Mwisho, fedha. Boom, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, huchelewa wiki kadhaa, kwani mwanafunzi lazima kwanza asajiliwe na kusaini. Nauli, chakula cha mwezi mmoja, godoro na bima ya afya vitoke nyumbani. Ng'ombe auzwe Mei au Juni, angali amenona baada ya masika. Ukingoja Oktoba, kiangazi kimeshamkondesha na mnadani atauzwa kwa bei ya kutupa.